Deni la Gunia la Omena

Wiki niliyopata nafasi ya kusomea shahada ya kwanza ya sanaa, nikiwa nimechagua falsafa kuwa somo langu kuu, shangazi yangu aliyenilea mjini Nakuru aliniuliza swali moja tu: "Ukimaliza, watu watakuita nani?" Aliyesomea uuguzi huitwa muuguzi, aliyesomea uhasibu huitwa mhasibu, na hata aliyejifunza kushona kwa miezi sita katika kibanda cha sokoni huitwa fundi. Shangazi hakuuliza kwa dharau. Yeye ndiye aliyenilipia karo tangu shule ya msingi, na alikuwa na haki ya kujua pesa zake zinaelekea wapi. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na neno la kumpa.

Mihula minane imekwisha, na ninaandika haya kwa ajili ya yeyote aliye pale nilipokuwa siku ile, au aliye pale alipokuwa shangazi. Kuhusu ajira sitasema mengi. Wenzangu niliomaliza nao wako katika mashirika, shule, magazeti na biashara, na wengine bado wanatafuta, kama walivyo wahitimu wa masomo mengine mengi nchini. Ninachotaka kueleza ni kazi yenyewe ya falsafa, yaani mwanafunzi hufanya nini hasa anaposema anaisoma, na siwezi kuieleza vizuri bila kusimulia habari ya gunia moja la omena, yaani dagaa wa ziwani, ambalo nyanya yangu wa Kisumu alilichukua kwa mkopo.

Muhula wa kwanza huanza na mantiki. Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake huko una maana ya kutamka, nami huona kwamba asili hiyo inalifaa somo, kwa kuwa mantiki huchunguza ni lipi linalofuata, na lipi lisilofuata, mtu akishasema jambo fulani. Mhadhiri wetu aliandika ubaoni: Ikiwa mvua imenyesha, barabara imelowa. Barabara imelowa. Kwa hiyo mvua imenyesha. Akauliza kama hoja hiyo imesimama, nasi karibu sote tukasema imesimama, mpaka mwenzetu mmoja aliyekaa nyuma akasema kwamba mtaani kwao barabara hulowa kila bomba la maji linapopasuka, mvua iwepo isiwepo. Mhadhiri akafuta, kisha akaandika nyingine: Samaki wote wana miguu. Ngege ni samaki. Kwa hiyo ngege ana miguu. Hapo darasa zima likacheka na kuikataa, naye akatwambia kwamba tumekosea mara ya pili, kwa sababu hoja hii ni halali kabisa: ukizikubali sentensi mbili za mwanzo huna budi kuikubali ya tatu. Ubovu wake uko kwenye sentensi ya kwanza, ambayo ni ya uongo, wala hauko kwenye kiungo kinachoziunganisha.

Ilinichukua muda mrefu kuizoea tofauti hiyo kati ya hoja kuwa halali na hitimisho lake kuwa kweli. Nyumbani, kanisani na hata kwenye mikutano ya siasa tulikuwa tumezoea kuipima hoja kwa mahali inapofikia. Ikifika tunapopapenda, tunaipigia makofi. Ikifika tusipopapenda, tunatafuta kasoro ya msemaji. Kukaa na hoja ya mtu usiyekubaliana naye, ukakiri kwamba viungo vyake vimekaza, kisha ukaenda kutafuta kwa uangalifu ni sentensi gani hasa unayoikataa, ni zoezi la subira ambalo sikuwahi kulifanya kabla ya hapo.

Mwaka wa pili tulifika kwenye falsafa ya Kiafrika, na mabishano yakapamba moto. Tulianza na Placide Tempels, mmisionari wa Kibelgiji aliyefanya kazi Katanga, ambaye kitabu chake cha mwaka 1945 kilidai kwamba Wabantu wana falsafa yao iliyojengwa juu ya nguvu ya uhai, ingawa wao wenyewe hawawezi kuieleza kwa mpangilio na ni lazima waelezewe. Tukaja kwa Alexis Kagame wa Rwanda, ambaye mwaka 1956 aliitafuta falsafa ndani ya sarufi ya Kinyarwanda, akayagawa yote yaliyopo katika makundi manne: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Mswahili hahitaji mkalimani ili asikie mtu na kitu ndani ya maneno mawili ya kwanza. La tatu ni mahali, na la nne ni namna jambo lilivyo. Kisha tukamsoma John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya nguzo za nadharia yake ya wakati. Alisema kwamba katika fikra za jadi wakati huelekea nyuma zaidi kuliko mbele, na kwamba lugha alizozichunguza hazikuwa na njeo ya kuzungumzia mambo ya miaka mingi ijayo. Mwenzetu kutoka Vihiga alisimama akaeleza kwamba babu yake alipanda miti ya mbao akijua kwamba itaezeka nyumba za wajukuu ambao hawajazaliwa, akauliza babu huyo alikuwa akipanda katika wakati gani. Kipindi kiliisha kabla hatujamjibu, tukaendelea kubishana njiani mpaka kwenye foleni ya chakula.

Kilichonikera katika vitabu hivyo, ingawa niliviheshimu, ni kwamba sikumwona ndani yake mtu mmoja anayefikiri. Kila mahali niliwaona Wabantu wanaoamini na Mwafrika anayeona, kana kwamba bara zima limekaa chini ya mti mmoja na kukubaliana. Paulin Hountondji wa Benin alikuwa ameshaikosoa tabia hiyo vikali, akisema kwamba falsafa huandikwa na watu wenye majina wanaojibizana, na si imani ya jamii nzima isiyo na mwenyewe. Nilimkubali. Hata hivyo, jibu lake lilielekea kuwaacha nje wazee wetu ambao hawakuandika chochote, na hapo ndipo nilipokutana na kazi ya Henry Odera Oruka.

Odera Oruka alizaliwa Ugenya mwaka 1944, akasomea Uppsala nchini Uswidi na Wayne State nchini Marekani, akarudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako aliijenga idara ya falsafa, mpaka alipofariki Desemba 1995 kwa kugongwa na gari. Alienda vijijini na kuwahoji wazee ambao watu wao waliwahesabu kuwa na hekima, na mwaka 1990 akachapisha mahojiano hayo pamoja na uchambuzi wake. Ndani yake yumo Paul Mbuya Akoko wa Nyanza Kusini, yumo Chaungo Barasa, Mbukusu aliyekuwa fundi wa mambo ya maji, na yumo baba yake mwenyewe, Oruka Rang'inya. Jambo ninalolithamini zaidi ni kipimo alichokitumia. Aliwatenganisha wenye hekima wa aina mbili. Wa kwanza anazijua mila za watu wake kikamilifu na anaweza kukueleza kila desturi, lakini ukimuuliza kwa nini, anakurudisha kwenye desturi ileile. Wa pili anazijua mila vilevile, ila ukimuuliza kwa nini anatoa sababu yake mwenyewe, na sababu hiyo ikimpeleka kinyume cha wanavyosema watu wake, anakubali kwenda nayo. Huyo wa pili, kwa Odera Oruka, ni mwanafalsafa, hata kama hajui kusoma.

Tulipokuwa tukimsoma, mhadhiri alitukumbusha kwamba profesa huyo aliwahi kusimama mahakamani kama shahidi kuhusu mila za Waluo. Wakili Silvano Melea Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi, na ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilipita Mahakama Kuu ikafika Mahakama ya Rufaa, na hatimaye mwili ukazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, zaidi ya miezi mitano baada ya kifo. Kwa wengi wetu hiyo ni habari ya sheria ya mila na haki za wajane, na kweli ndivyo ilivyo. Mimi nilibaki na swali lililokuwa chini yake, ambalo pande zote mbili zililichukulia kuwa limejibiwa: je, aliyekufa anaweza kudhulumiwa? Kama hayupo, ni nani huyo ambaye matakwa yake yanavunjwa?

Nikalifanya swali hilo kuwa mradi wangu wa utafiti wa mwaka wa nne, na nikaomba kulifuatilia kwa njia ya Odera Oruka, yaani kwa mahojiano. Msimamizi wangu alikubali kwa sharti moja, kwamba nisimtafute mzee anayejulikana kwa kuhojiwa na wanafunzi. Nilikwenda kwa nyanya yangu.

Dani, kama tunavyomwita nyanya kwa Dholuo, lugha ya Waluo, anakaa karibu na Dunga, pembeni mwa Kisumu, na ameuza omena tangu kabla baba yangu hajaoa. Dholuo changu, kwa kuwa nimekulia Nakuru, ni cha salamu na chakula tu. Yeye naye amezungumza Kiswahili na wateja wa kila kabila kwa zaidi ya miaka arobaini, kwa hiyo Kiswahili ndicho tulichokitumia, naye akirudi kwenye Dholuo pale alipotaka neno fulani likae sawasawa. Nilimwendea mwezi wa Mei, wakati uvuvi wa omena umesimamishwa ili samaki wazaane, kwa kuwa huo ndio msimu anaopata nafasi ya kukaa. Alikuwa barazani akipepeta gunia la mwisho alilobakiwa nalo, akirusha omena juu ya ungo na kuacha upepo wa ziwani upeperushe magamba na mchanga, huku gorogoro ya kupimia ikiwa miguuni pake. Niliiweka simu juu ya kigoda, nikamweleza kwamba inarekodi na kwamba jina lake sitaliandika, akaniambia niulize.

Nilianza na jambo nililokuwa nimelisikia kwa shangazi. Miaka kadhaa iliyopita, Dani alichukua gunia la omena kwa mkopo kutoka kwa mfanyabiashara mwenzake ambaye wote walimwita Nyar Alego, kwa jina la alikozaliwa. Nyar Alego aliugua ghafla, akafa kabla ya kulipwa. Hapakuwa na karatasi, hapakuwa na shahidi, na watoto wake hawakujua lolote. Dani alimaliza kuuza gunia, akapanda matatu akiwa na pesa zote mkononi, akazifikisha kwa watoto wa marehemu.

"Dani, pale ulikuwa unamlipa nani?" nilimuuliza.

"Nilimlipa Nyar Alego."

"Lakini pesa walichukua watoto."

"Pesa walichukua watoto," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Deni nilimlipa yeye. Kama wangekuwa hawapo watoto, pesa ningezipeleka kwingine, kanisani labda. Deni lingekuwa ni lilelile."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za laana na za marehemu wanaorudi usiku kudai haki yao, kwa kuwa hayo ndiyo yanayosimuliwa, na ndiyo niliyoyakuta kwenye vitabu. Nikamuuliza kama aliogopa. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hayo ya kurudi usiku watu husema, na mimi siwabishii watu msibani. Lakini sijamwona aliyerudi. Hata mtu angekuja leo aniambie kwamba aliyekufa ameisha, ameisha kabisa kama taa iliyozimwa, ningelipa." Niliandika maneno hayo kwenye daftari ingawa simu ilikuwa ikirekodi. Hicho kilikuwa kipimo cha Odera Oruka, na nyanya yangu alikuwa amekipita akiwa amekalia kigoda.

Nikamletea hoja ya Epicurus. Nilimweleza kwamba Mgiriki huyo wa zamani aliwaandikia wanafunzi wake kwamba kifo si kitu kwetu, kwa sababu sisi tukiwepo kifo hakipo, na kifo kikiwepo sisi hatupo. Basi aliyekufa hawezi kupatwa na baya lolote, na deni lake halina wa kulidai. Dani aliuweka ungo chini akanitaka niirudie polepole, nikairudia.

"Huyo alikuwa akiwaambia watu wanaoogopa kufa," alisema.

Nikakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa.

"Basi amewaambia vizuri. Mimi hujaniuliza habari ya kuogopa kufa kwangu, umeniuliza habari ya deni la mwingine. Na yeye mwenyewe, alipokufa, aliacha wosia au hakuacha?"

Sikujua. Niliporudi chuoni nilikwenda maktaba nikatafuta, na nikaukuta wosia wa Epicurus, aliyefariki mwaka 270 kabla ya Kristo, umehifadhiwa na Diogenes Laertius, mwandishi wa kale wa maisha ya wanafalsafa. Aliagiza bustani yake ibaki mikononi mwa wafuasi wake, watoto wa rafiki yake Metrodorus aliyetangulia kufa watunzwe, baadhi ya watumwa wake waachwe huru, na siku yake ya kuzaliwa iendelee kuadhimishwa kila mwaka. Cicero wa Roma alimkosoa kwa jambo hilohilo, akishangaa mtu anayeamini kwamba kifo si kitu kwetu anatafuta nini katika sherehe zitakazofanywa baada yake. Sitasahau alasiri ile. Nilikuwa nimesoma hoja ya Epicurus mara nyingi na kuijibu katika mtihani, wala haikunijia kumuuliza mwenyewe alifanya nini. Aliyeuliza ni mwanamke aliyeacha shule darasa la nne, baada ya kuisikia hoja mara mbili.

Msimamizi alipoona rasimu yangu ya kwanza alinipa makala ya George Pitcher, Mmarekani, ya mwaka 1984. Pitcher anasema kwamba tunapomzungumzia marehemu tunaweza kumaanisha mmoja kati ya wawili: yule aliyekuwa hai, au mabaki yaliyopo sasa. Mabaki hayawezi kudhulumiwa. Anayedhulumiwa, ahadi inapovunjwa baada ya kifo, ni yule aliyekuwa hai, kwa sababu tayari siku ile alikuwa mtu ambaye ahadi aliyopewa haitatimizwa. Niliruka kwa furaha, maana katika nakala yangu ya mahojiano Dani alikuwa amesema karibu vilevile: kwamba aliyekopesha ni yule wa siku ile, na asiyelipa leo anamdhulumu yule wa siku ile. Nikaandika sura ya tatu yote juu ya msingi huo, nikionyesha kwamba mchuuzi wa Dunga na profesa wa Marekani wamefika mahali pamoja kwa njia mbili.

Siku ya kuitetea kazi hiyo mbele ya jopo, mmoja wa wahadhiri aliniuliza swali ambalo Peter Bodunrin wa Nigeria aliliuliza kuhusu kazi ya Odera Oruka tangu mwaka 1981: katika mazungumzo kati ya mzee na msomi, hoja inayozaliwa ni ya nani? Nilijibu kwamba ni ya mzee, na kwamba kazi yangu ilikuwa kuuliza tu. Jopo lilinipitisha, likitaka marekebisho madogo. Jibu langu ndilo lililoninyima usingizi usiku ule. Nilivaa visikizi nikaisikiliza rekodi tangu mwanzo, na nilipofika mahali pale nilisikia sauti yangu mwenyewe, na wala si ya Dani, ikisema: "Kwa hiyo unamaanisha kwamba anayedhulumiwa ni yule aliyekuwa hai?" Kisha kukawa kimya, kisha Dani akasema, "Mm. Hata hivyo pia unaweza kusema." Katika nakala niliyoandika, swali langu lilikuwa limeyeyuka na kuwa jibu lake.

Sikuwa nimekusudia kudanganya. Nilikuwa nimeyaandika mazungumzo kwa Kiingereza, kwa kuwa mradi huandikwa kwa Kiingereza, na katika kutafsiri nililainisha, nikaunganisha, nikafuta vituo. Lakini nilikuwa nimemvika nyanya yangu koti la mtu mwingine na kulisifu kwamba limemkaa, na kwa mtu anayeijali kazi hii hilo ni kosa kubwa, kubwa kuliko kukosea tarehe.

Nikarudi Dunga mwezi wa Agosti. Omena walikuwa wamerudi, na wanawake walikuwa wamewatandaza juu ya nyavu kuukuu ufukoni, wakawa kama shuka za fedha zilizoanikwa juani, na hewa yote ilinuka samaki. Niliketi na Dani kwenye kivuli nikamsomea sura ya tatu nzima, nikiigeuza kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi. Alisikiliza bila kunikatiza, akifukuza ndege kwa fimbo, mpaka nilipofika nilipoandika kwamba aliona kuwa ilikuwa lazima alipe.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Sikusema lazima. Lazima ni mtu mwingine kukushika mkono, kama askari wa kaunti anayedai ushuru. Nani alinishika? Nyar Alego alikuwa ameshazikwa. Nilisema nilikuwa nimejifunga."

Nikaitafuta rekodi palepale, nikamsikilizisha. Ndivyo alivyosema, kwa Kiswahili wazi: nilikuwa nimejifunga. Katika Kiingereza changu neno hilo lilikuwa limepotea kabisa. Nikamuuliza tofauti ni ipi, na safari hii nilijizuia nisimpe jibu lolote la kuchagua.

"Kamba niliifunga mimi," alisema. "Yeye alishika upande wa pili. Akiachilia kwa sababu amekufa, bado mimi nimefungwa, kwa sababu fundo liko kwangu. Wa kulifungua ni mimi, na kulifungua ni kulipa. Sasa wewe unaniuliza kila mara kama yeye anaumia nisipolipa. Sijui kama anaumia. Sikulipa kwa sababu anaumia."

Hiyo si hoja ya Pitcher. Pitcher anamtafuta mtu wa kudhulumiwa, na anampata kwa kurudi nyuma katika wakati. Dani hamtafuti kabisa, kwa sababu kwake deni halisimami juu ya madhara ya anayedai. Linasimama juu ya tendo la aliyejifunga. Kama ni kumtafutia jirani katika vitabu, labda angekaa karibu zaidi na Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyeandika mwaka 1785 kwamba anayewajibika hutii sheria aliyojiwekea mwenyewe, ingawa nimejifunza kutoharakisha ujirani wa namna hiyo. Hata swali langu la mwanzo, kama aliyekufa anaweza kudhulumiwa, lilionekana kuwa si swali lililohitajika ili kujua kama mtu anapaswa kulipa. Nilikuwa nimeliweka mbele kwa sababu nililikuta vitabuni likiwa mbele.

Jopo lilikuwa limeomba marekebisho madogo. Nilimwandikia msimamizi kumwomba wiki tatu, niiandike upya sura yote ya tatu, na kwenye kiambatisho niweke mazungumzo kama yalivyosemwa, kwa Kiswahili na Dholuo, kila swali langu likionekana mahali pake. Alinikubalia.

Lakini alasiri ile ufukoni bado nilikuwa na jambo jingine, kwa kuwa hoja ya kamba ilikuwa imenifungulia mlango ambao sikuutarajia. Niliwasha simu tena, nikaiweka juu ya gorogoro iliyopinduliwa, nikamuuliza Dani kama mtu anaweza kujifunga kwa mtu ambaye hajawahi kuwapo, kwa mfano mjukuu wa mjukuu wake, ambaye hana mkono wa kushika upande wa pili hata siku moja. Alitazama ziwani kwa muda mrefu.

"Ngoja kwanza tuwageuze hawa omena, nyakwara," alisema, akisimama. "Hilo si la kujibiwa mtu akiwa na haraka."

Tukainama, yeye upande mmoja wa wavu na mimi upande wa pili, tukaanza kugeuza.